Posa ya Vyuo Viwili

Barua mbili zilifika nyumba moja katika juma moja, na Bi Mwatima alizipokea zote kwa mikono miwili, kama inavyopokewa posa. Kiingereza cha kuzisoma hakuwa nacho, lakini kuzipima alijua. Ya kwanza karatasi yake nzito, juu imechorwa nembo. Ya pili nyepesi, imekunjwa mara tatu. Zote zilikuwa za mjukuu wake Nasreen, binti wa miaka kumi na minane, na zote zilisema jambo moja: tunamtaka, lakini kwa sharti.

"Sharti gani tena?" aliuliza Bi Mwatima.

"Alama za mtihani, Mama," alisema mwanawe Mbarouk, baba yake Nasreen. "Mtihani wa Juni. Hiki chuo chenye mnara wa saa kinataka A mbili na B. Hiki chengine, cha kule Perry Barr, kinaridhika na C tatu."

"Kumbe ni mahari! Mmoja kaja na mahari kubwa, mwengine ndogo." Bi Mwatima akafikiri kidogo. "Lakini mambo ya Uingereza kinyumenyume. Mahari anadai bwana harusi."

Mwaka ulikuwa elfu mbili na tatu, mwezi wa Mei, na nyumba ilikuwa Acocks Green, mjini Birmingham, dakika tano kwa miguu kutoka stesheni. Zainab, mama yake Nasreen, alikuwa Unguja tangu Februari akimuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Basi mambo ya ndani yote yalikuwa mikononi mwa Bi Mwatima: mapishi, nguo, na kujua nani ana huzuni. Hilo la tatu ndilo alilojisifia zaidi, na ndilo lililomponyoka.

Mbarouk alikuwa mtu mwema. Alifanya kazi kwenye ghala la vifurushi, hachelewi, hagombani na mtu. Udhaifu wake mmoja tu: alipenda sana kusikia watu wakisema "Mashaallah" juu ya mambo yake. Siku ile ile alikata jedwali la vyuo kutoka gazetini, akalibandika kwenye friji kwa sumaku. Chuo cha mnara kilikuwa juu, unakiona bila kuinama. Cha Perry Barr kilikuwa chini, karibu na tangazo la mazulia.

"Hii nini?" aliuliza Bi Mwatima.

"Ni kama ligi ya mpira, Mama. Inaonyesha chuo gani kiko juu ya chengine."

"Wanacheza lini?"

"Hawachezi, Mama."

"Sasa aliye juu kamfunga nani?"

Mbarouk alicheka, kisha akaeleza kwa subira. Chuo cha mnara kinasifiwa kwa sababu si rahisi kuingia. Wanaomba watu kumi, anapata mmoja. Chuo ambacho kila mtu anapita mlangoni, heshima yake nani ataiona?

"Na wale tisa?"

"Wanakwenda kwengine."

Bi Mwatima alisoma mpaka darasa la saba tu, lakini jambo likimkaa kichwani hulifunga kitendawili. "Kitendawili!"

"Tega," alisema Mbarouk, mdomo umejaa mkate.

"Nina nyumba yangu, wanaoisifu zaidi ni waliofungiwa nje."

"Chuo cha mnara!" alijibu Mbarouk, akapiga meza kwa furaha. "Hicho kizuri, Mama. Hicho nitamtegea Haroun."

Haroun alikuwa rafiki yake wa msikitini, Balsall Heath. Mwanawe Faisal alikuwa mwaka wa pili chuo cha mnara, na Haroun hakuweza hata kuuliza bei ya mchele bila ya kulitaja hilo. Ijumaa ile, baada ya sala, kabla Haroun hajafungua kinywa, Mbarouk alimwambia kwamba na binti yake yumo. Mpaka anafika nyumbani, watu saba walikwishamwambia "Mashaallah".

Jumapili baada ya chakula, Mbarouk alifuta meza kwa mkono wake mwenyewe na kuweka karatasi ya majibu. Hiyo ndiyo ya kurudishwa kwenye ofisi ya maombi ya vyuo, nayo ilitakiwa ifike kabla ya Alhamisi ya pili yake. Kila chuo kilikuwa na visanduku vyake: cha kukubali, cha akiba na cha kukataa. Ilisema pia ijazwe kwa wino mweusi, na nyumba nzima ilikuwa na kalamu za buluu tu. Basi Mbarouk akachukua penseli, aweke alama kwanza, wino utafuata.

"Nitaituma Jumamosi," alisema. "Ijumaa nina shughuli nayo." Bi Mwatima alijua shughuli yenyewe. Alitaka Haroun aione kwa macho yake.

Akamwita Nasreen. Msichana akaja akifuta mikono, akasimama karibu na friji. Alikuwa mrefu kuliko baba yake, lakini mbele yake alijua kujifupisha.

"Mwanangu," alisema Mbarouk, na sauti yake ikawa ya heshima kuliko kawaida. "Hizi ni posa mbili zimekuja kwa jina lako. Mie baba yako nimeona tukubali hiki cha mnara. Usome historia, utoke na shahada ambayo mtu akiisikia anasimama. Wasemaje?"

Nasreen aliinamisha kichwa.

Saa ya ukutani ikapiga hatua zake. Nje gari la aiskrimu likapita na muziki wake. Nasreen hakusema kitu.

Na hapo ndipo Bi Mwatima alipokosea. Kwao, mwari akija kuulizwa kama kamridhia mume, haropoki "ndiyo" kama anayeitika sokoni. Hunyamaza. Wazee wakiona kanyamaza, wanajua. Bi Mwatima hakungoja hata sekunde kumi na tano.

"Kanyamaza!" alisema. "Karidhia!" Akapiga kigelegele kilichovuka ukuta hadi kwa jirani.

Mbarouk akaweka alama ya penseli kwenye kisanduku cha kukubali, akaitia karatasi ndani ya bahasha. Nasreen akarudi jikoni kuosha vyombo. Aliviosha kwa saa nzima, na vilikuwa sahani nne.

Jumanne alasiri bibi na mjukuu walikuwa jikoni wakichambua mchicha, na kama desturi yao Bi Mwatima akaanza.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ana pua moja tu. Kila mgeni anambonyeza pua, naye kelele anazipigia ndani."

Siku nyengine Nasreen angeruka: kengele ya mlango! Leo alivuta jani moja la mchicha, akalikata vipande vipande.

"Sijui, Bibi."

"Hujui? Basi nipe mji."

Ndiyo kanuni. Anayeshindwa humpa mtegaji mji, naye hujitapa nao kabla ya kutoa jibu. Bi Mwatima alikwishapewa Leeds, Cardiff, na London mara tatu.

"Chukua Birmingham," alisema Nasreen. "Chukua yote. Sina haja nayo."

Bi Mwatima aliweka kisu chini. Alimtazama mtoto usoni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alimwona. Macho yamevimba, midomo imekauka. Chai ya asubuhi ilikuwa bado iko mezani, ina utando juu.

"Unaumwa?"

"Niko fine, Bibi."

"Hiyo fain yako haina afya. Haya, tega wewe. Mie ndiye nitakayejibu."

Nasreen akasema kwa Kiswahili chake cha kupapasa, neno moja moja: "Kitendawili."

"Tega, mwanangu."

"Niliulizwa, sikujibu. Jibu langu wameliandika."

Bi Mwatima hakuomba mji. Jibu alilijua. Jibu lilikuwa kigelegele chake mwenyewe.

"Ulikuwa hutaki," alisema.

Nasreen akalia. Akalia kama mtoto mdogo, kamasi na yote, huku mchicha umemganda kwenye vidole. Maneno yakatoka kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha yakachanganyika, na bibi yake akayaokota moja moja. Historia aliiomba kwa sababu mwalimu mmoja alisema itapendeza. Anachokitaka ni kufundisha watoto wadogo, wale wa miaka mitano na sita. Tangu Septemba, kila Jumatano alasiri alikuwa akienda kujitolea kwenye shule ya msingi, na huko ndiko alikojijua. Chuo cha Perry Barr kinafundisha ualimu huo. Lakini Baba amekwishamwambia Haroun. Amewaambia watu wote.

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Sikuweza kusema hapana mbele ya Baba. Nilidhani mkiona nimenyamaza, mtajua sitaki."

Bi Mwatima akatikisa kichwa. Nyumba moja, sufuria moja, na kimya kimoja wamekisoma kwa namna mbili! Akakumbuka siku yake mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na saba, yuko nyuma ya pazia, mjomba katumwa kuja kumuuliza, naye akanyamaza. Wakasema karidhia. Ukweli ni kwamba mdomoni mlikuwa na pande la halua, na meno yameganda. Mume alitokea mwema, Mungu amrehemu, basi hakuwahi kumwambia mtu. Lakini alibahatika tu. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

"Nyamaza sasa," alisema. "La, usinyamaze. Lia mpaka uishe. Jumamosi bado."

Posa ikija haijibiwi mpaka iuliziwe. Hilo Bi Mwatima alilijua kuliko mtu yeyote Acocks Green. Unatuma mtu mzima mwenye macho aende mtaani kwa mchumba, aulizie: mtu huyu wa namna gani, anasema vipi na mama yake, nyumba ina amani? Lakini kwa vyuo hivi viwili hakuna aliyekwenda. Walisoma gazeti tu.

Alhamisi asubuhi akabisha kwa jirani. Magdalene alikuwa Mkenya, nesi wa hospitali, mwanamke wa miraba minne mwenye kicheko cha kuangusha picha ukutani. Yeye humwita Bi Mwatima "nyanya", na Bi Mwatima alikwishachoka kumwambia kwamba kwao nyanya ni ya kutia mchuzini.

"Nyanya, karibu! Ile siku nilisikia nduru, nikasema leo kuna harusi."

"Palikuwa na makosa, mwanangu. Leo una kazi?"

"Niko off leo."

"Basi vaa viatu. Tunakwenda kuulizia wachumba."

Magdalene aliposimuliwa, alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akasimama. "Aki huyo msichana. Ngoja nichukue koti."

Walipanda basi namba kumi na moja, lile linalozunguka mji wote na kurudi lilikotoka. Lilikuwa kama limepangwa kwa kazi yao, maana linapita karibu na vyuo vyote viwili. Walianza kwa mkubwa.

Bi Mwatima hakuwa mtu wa kumvunjia mtu heshima yake. Chuo cha mnara kilikuwa kizuri, alikiri. Matofali mekundu, majani yamekatwa sawasawa kama zulia, na ule mnara mrefu mpaka shingo ikamuuma. Mlangoni palikuwa na bawabu mwenye kilemba na ndevu nyeupe, jina lake Charanjit limeandikwa kifuani. Bi Mwatima akamtuma Magdalene.

"Muulize, hapa kwake kukoje?"

Magdalene akauliza, na mzee akajibu kwa fahari, mkono kifuani.

"Anasema kuingia hapa si mchezo. Anasema wanaomba wengi sana, wengi wanarudishwa. Yeye mwenyewe mtoto wake alirudishwa."

"Maskini! Muulize, yuko wapi sasa?"

"Alienda chuo kingine. Sasa ni mhandisi, anajenga madaraja."

"Basi mbona anajisifia pale alipofukuziwa mwanawe?"

Magdalene alikataa kulitafsiri hilo. Lakini yule mzee aliwapa karatasi ya ramani na peremende mbili, na akawaonyesha benchi la kupumzikia. Walikaa nusu saa. Vijana walipita na vitabu, wengine wanacheka, wengine wanakimbia. Bi Mwatima aliwapenda. Alijaribu kumweka Nasreen katikati yao, akamwona amesimama karibu na ukuta, amejifupisha.

"Huyu mchumba hana kasoro," alisema. "Atampata wake. Twende."

Basi lilizunguka nusu ya mji mpaka Perry Barr. Chuo cha huko hakikuwa na mnara. Kilikuwa majengo ya saruji pembeni ya barabara kubwa, karibu na maduka, na ukiambiwa ni ofisi za maji na umeme utaamini. Magdalene alikunja uso.

"Nyanya, hiki si kama kile."

"Sikuja kutazama nyumba. Nimekuja kuulizia mtu."

Mapokezini palikuwa na bibi mmoja mwenye miwani, Rajinder. Magdalene akamweleza ukweli wote, kwa sababu Magdalene hajui kudanganya: kwamba huyu mama ana mjukuu, na kwao hawamtoi mtoto bila ya kuulizia. Rajinder akavua miwani. Akasema na kwao ni hivyo hivyo. Akatoka nyuma ya meza yake, akawapeleka mwenyewe ghorofa ya juu.

Akafungua mlango wa chumba kimoja, na Bi Mwatima akashika mwimo wa mlango.

Ndani walikuwa watu wazima ishirini hivi, wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kwenye masikio. Mmoja alikuwa mwanamume mwenye kipara. Mmoja alikuwa mwanamke mjamzito. Mbele mwenzao alishika kikaragosi cha soksi, akawa anawafundisha kuhesabu mpaka kumi, nao wanajifanya watoto: mmoja anachokoza, mmoja anaomba kwenda chooni, mmoja analia anamtaka mama. Yule wa mbele alikuwa akitokwa na jasho, lakini hakumpandishia sauti hata mmoja. Alikwenda akachutama mbele ya yule anayelia, akasema naye macho kwa macho.

Mwalimu wao aliwaona, akawaita. Akavuta kiti kidogo, akampa Bi Mwatima. Naye akakaa. Kilikuwa kiti cha kadiri ya kile alichokalia yeye darasa la kwanza, miaka hamsini na sita iliyopita.

"Muulize huyu," alimwambia Magdalene, "wanakaa humu miaka yote, au watoto wenyewe watawaona?"

"Anasema mwaka wa kwanza tu wanapelekwa mashuleni. Na kila mmoja ana mtu wake wa kumwangalia. Akilegea, wanamfuata mpaka nyumbani wajue ana shida gani."

"Wanamfuata?"

"Ndivyo anasema."

"Muulize, katika hawa, kuna aliyekataliwa kwengine?"

Mwalimu alicheka, akauliza darasa. Mikono kama saba ikanyanyuka bila haya. Yule mwenye kipara alinyanyua yote miwili.

Njia nzima ya kurudi Bi Mwatima alitazama nje dirishani, na Magdalene akamwacha. Walipokaribia nyumbani akasema peke yake, kama anayemaliza hesabu: "Ukienda kumuulizia mchumba, huulizi kakataa wanawake wangapi. Unauliza huyu aliyemchukua, anamtunza vipi."

Jumamosi asubuhi Mbarouk alikuwa anakunywa chai na vitumbua. Bahasha ilikuwa mfukoni mwa koti, na koti liko nyuma ya kiti. Nasreen alikuwa chumbani kwake juu. Bi Mwatima alikaa mbele ya mwanawe, akakunja mikono.

"Mbarouk, Jumapili nilikuwa shahidi. Leo nafuta ushahidi wangu."

"Ushahidi gani, Mama?"

"Nilisema mtoto karidhia. Hakuridhia. Kaniambia kwa mdomo wake."

Mbarouk aliweka kitumbua chini. "Mama, hii karatasi ya chuo. Si ndoa."

"Basi kwa nini ulimuuliza kama ndoa? Posa, posa, na mie mjinga nikapiga kigelegele!" Akamweleza yote, historia na watoto wadogo, Jumatano na Perry Barr, na viti vile vidogo. Mbarouk alisikiliza huku uso unajifunga kidogo kidogo.

"Perry Barr," alisema. "Kinachochukua C tatu! Mama, nimekwishawaambia watu. Haroun atasema nini? Atasema binti wa Mbarouk kashindwa, kaenda kule wanakochukua kila mtu."

"Wewe ulisoma wapi?"

"Unajua nilikosoma."

"Niambie. Ile shule yetu ya mtaani, mlangoni walikataa watoto wangapi?"

Mbarouk akakizungusha kikombe cha chai.

"Hata mmoja. Walimchukua kila mwenye miguu. Mtoto wa muuza mkaa, na wewe, na mie kabla yako. Ndiyo iliyokufundisha kusoma hilo jedwali lako pale kwenye friji."

"Zama zile na hizi si moja, Mama. Hapa watu wanatazama jina. Wanatazama nafasi."

"Nafasi! Timu yako ya Villa ligi imeisha juzi. Ya ngapi?"

"Mama, usiingize Villa."

"Ya ngapi?"

"Ya kumi na sita," alisema Mbarouk kwa sauti ndogo.

"Na mwaka wa kumi na nne huu unaipenda, unavaa na skafu yake. Kwa nini hukuihama?"

Mbarouk alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama friji. Akatazama kitumbua. Akanyamaza.

"La," alisema Bi Mwatima. "Wewe ukinyamaza sitosema umeridhia. Nimekoma. Sema kwa mdomo, nisikie."

Kisha Mbarouk akanyoosha mkono nyuma, akatoa bahasha kutoka kwenye koti. Haikuwa imefungwa. Akaitoa karatasi, akaitandaza mezani, na ile alama ya penseli ilikuwa pale pale, ya kijivu, haijatiwa wino.

"Kalamu nyeusi ninayo tangu Jumatatu," alisema. "Kazini zimejaa. Kila siku nasema leo nitaitia wino, mkono haukubali. Jana nilikwenda nayo msikitini, Haroun kasimama mbele yangu, nikashindwa kuitoa."

"Kwa nini?"

"Mwalimu wake alinipigia simu Jumatatu hiyo hiyo. Anasema A mbili anaweza kupata, na anaweza kukosa. Tangu siku hiyo naota Agosti, Mama. Naota majibu yametoka, mtoto kakosa, na simu inalia, na kila anayepiga ni Haroun." Akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Nikajiambia, mtoto mwenyewe karidhia, mama yangu mwenyewe kashuhudia, nitaanzaje kurudi nyuma? Sasa unaniambia hakutaka." Bi Mwatima akaona kwamba mwanawe anacheka na kulia kwa pamoja. "Alhamdulillah. Wallahi, Mama, Alhamdulillah. Nilikuwa nimebeba gunia kichwani, kumbe hakuna aliyenituma."

"Mwite mwenyewe," alisema Bi Mwatima.

Nasreen aliteremka ngazi taratibu, akasimama pale pale karibu na friji. Baba yake akasimama pia, na hilo hakuwahi kulifanya.

"Mwanangu, nilikuuliza vibaya. Nilikuuliza na jibu nimeshika mkononi. Leo nakuuliza tena, na sitaki kimya. Unataka kipi?"

"Cha Perry Barr, Baba."

"Sijasikia," alisema Bi Mwatima, aliyesikia vizuri sana.

"Cha Perry Barr."

"Mara tatu, kama kwa kadhi!"

"Nataka cha Perry Barr!" alipiga kelele Nasreen. "Nataka kuwa mwalimu! Wa watoto wadogo!" Na kutoka upande wa pili wa ukuta Magdalene akapiga nduru yake ya Kikenya, ndefu, ya kuamsha mtaa, maana alikuwa amekaa na kikombe cha chai anangoja.

Mbarouk alifuta alama ya penseli kwa ncha ya raba. Alifuta polepole, akapuliza vumbi lake. Kisha akampa Nasreen ile kalamu nyeusi, ajaze kwa mkono wake. Nasreen akaweka alama ya kukubali kwa Perry Barr, nzito, karibu itoboe karatasi.

"Na hiki cha mnara, Baba?"

"Kina visanduku gani?"

"Nikiweke cha pili, cha akiba, au nikikatae. Lakini akiba haina maana. Kama C tatu zitanishinda, hizo A nitazitoa wapi?"

Mbarouk alikuna kidevu. Bi Mwatima akamwona jinsi kitu kinavyopanda usoni mwake, kinaanzia kwenye mdomo, kinafika kwenye macho.

"Hebu subiri. Tunaweza kukikataa? Sisi?"

"Ndiyo, Baba. Kisanduku hiki hapa."

"Chuo kinachokataa watu wote wale." Akavuta kiti, akakaa vizuri. "Weka alama. Weka kubwa."

Walikwenda wote watatu mpaka kwenye sanduku la posta, chini kwenye maduka, kabla gari la barua la saa sita halijapita. Nasreen aliitumbukiza bahasha, akaingiza na vidole ahakikishe imeanguka. Alikuwa na njaa, alisema. Ana njaa sana. Wakanunua viazi vya kukaanga palipo karibu, akala huku anatembea, vikimuunguza, anapuliza na kula.

Walipofika nyumbani Mbarouk hakuvua hata koti. Alichukua simu, akapiga namba kwa moyo.

"Haroun! Assalamu alaykum. Ee, ile habari ya Nasreen. Kile chuo cha kwa Faisal. Tumekikataa." Akasikiliza. "Ndiyo, sisi. Kwa wino mweusi, karatasi imekwisha kwenda. La, hapana, hawakuwa na kosa, chuo kizuri sana, lakini mama yangu alikwenda kuulizia mwenyewe, akaona hakimfai mtoto." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi, na akaanza kutabasamu. "Mashaallah na wewe pia, ndugu yangu."

Bi Mwatima hakungoja simu iishe. Alipanda juu, akavua viatu, akajilaza juu ya kitanda na kanga zake. Tangu Jumanne hakuwa amepata usingizi wa maana. Alisikia chini Nasreen akifungua sufuria ya wali wa jana, kijiko kikigonga, baba na mtoto wakibishania nani amalize vitumbua. Akageukia ukutani, na kabla hawajakubaliana alikwishalala.